Pesa ya Kwanza Iende Wapi? Kuboresha Gari la Spoti Lenye Umri

SALMA: Karibu tena, msikilizaji. Leo mimi na kaka Bakari tunazungumzia gari la spoti lililokwisha kula chumvi nyingi, na swali linalomsumbua kila mwenye gari kama hilo: fedha za kuliboresha zikiwa chache, aanzie wapi?

BAKARI: Wengi huanzia kwenye ekzosi, kwa sababu sauti yake husikika siku hiyohiyo. Mimi ningeanza kwa kumwomba fundi apime kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa, ya kila silinda, kwani injini ambayo silinda yake moja imechoka haifaidiki na kifaa chochote cha kuongeza nguvu. Kitaharakisha tu siku ya kuifungua.

SALMA: Hapo msikilizaji atalalamika kwamba ameuliza habari za kuboresha, nawe unamjibu habari za matengenezo.

BAKARI: Alalamike tu, dada Salma. Gari la miaka 25 au 30 haliendeki tena kama lilivyotoka kiwandani: bushi za mpira zimekakamaa na kupasuka, shokamzoba hazitulizi tena springi, na magurudumu yameacha pembe yaliyopangiwa. Ukibadilisha bushi na shokamzoba, kisha ukapima alaimenti upya, usukani utaitika kwa wepesi ambao mwenye gari huenda hajawahi kuuonja, maana alilinunua likiwa limekwisha kulegea. Kitu kimoja hunikera: mtu anakata springi ili gari likae chini, huku akiziacha shokamzoba zilezile zilizokufa.

SALMA: Hilo nakuunga mkono. Nisichokubali ni dhana kwamba kila cha kiwandani ndicho bora, kwa sababu tairi nzuri za leo hushika barabara, hasa iliyolowa, kuliko zile gari lilizozaliwa nazo. Kwangu mimi hakuna badiliko linalozidi hilo, kwa kuwa kukata kona, kuongeza mwendo na kusimama vyote hupitia sehemu nne ndogo za mpira zinazogusa lami. Wala mtu asidanganywe na kashata, yaani michoro ya tairi, zilizo nzima bado. Atazame ubavuni, kwenye tarakimu nne za mwisho za msimbo unaoanza kwa herufi DOT: zikisomeka 3518, tairi ilitengenezwa wiki ya 35 ya mwaka 2018, na mpira hukakamaa hata gari likiwa limelala bandani.

BAKARI: Basi na asichanganye tairi nzuri na rimu kubwa. Rimu kubwa mara nyingi huwa nzito, na uzito huo ni mzigo usiobebwa na springi, kwa hiyo gurudumu hukawia kurudi chini kila linaporushwa na shimo, na injini nayo hutumia nguvu zaidi kulizungusha.

SALMA: Tuje kwenye breki, ambako watu hukimbilia disiki kubwa kabla ya kugusa kilicho rahisi. Mafuta ya breki hunyonya unyevu kadiri muda unavyopita. Yale ya daraja liitwalo DOT 4 yanatakiwa yasichemke chini ya nyuzi 230 za Selsiasi yakiwa mapya, lakini yakishanyonya maji kiwango hicho hushuka hadi 155, na yanapochemka kanyagio huzama bila breki kushika. Mafuta mapya, pedi zinazostahimili joto na mipira ya breki isiyovimba vinamtosha mtu asiyeshindana uwanjani.

BAKARI: Na akumbuke kwamba joto hilo haliongezeki sawia na mwendo. Kusimama kutoka kilomita 140 kwa saa huzalisha karibu mara mbili ya joto la kusimama kutoka 100, ndiyo maana anayeongeza nguvu kabla ya kushughulikia breki anajitafutia makubwa.

SALMA: Kwa hiyo nguvu usiziguse kabisa?

BAKARI: Ziguse mwishoni, tena kwa hesabu. Mazda MX-5 ya kwanza, iliyotoka mwaka 1989 na injini ya lita 1.6, ilikuwa na nguvu za farasi takribani 115 tu, na bado ilipendwa kwa sababu ilikuwa nyepesi. Injini ndogo isiyo na turbo, yaani kifaa cha kuisukumia hewa zaidi, haipati mengi kutokana na ekzosi au chujio la hewa, na chujio lililoachwa wazi karibu na injini yenye moto huvuta hewa ya joto inayopunguza nguvu.

SALMA: Na turbo?

BAKARI: Turbo huleta nguvu za kweli, lakini huja na familia yake: rejeta, klachi, sindano za mafuta na kupangwa upya kwa kompyuta ya injini. Asiyeweza kulipia vyote asinunue kimoja.

SALMA: Jambo la mwisho ni vifaa vya asili unavyovifungua. Usivitupe, hata kama vimechakaa, bali vifunge na uviandike majina, kwa kuwa baadhi yake havitengenezwi tena na mnunuzi wa baadaye ataviulizia kabla ya kuuliza bei.