Hanzi Haichorwi

Asanteni. Wa nyuma sogeeni mbele, siumi.

Wanaonijua wanajua nitasema nini: mpangilio wa mistari, yaani katika hanzi, herufi ya Kichina, mstari upi uandikwe kwanza na upi ufuate. Kila mwaka nausema, na kila mwaka ananijia mwanafunzi na daftari safi, hanzi zimenyooka kama za kitabuni. Nikimwambia "hebu iandike nikuone", anaanzia chini. Huyo hajaandika. Amechora.

Tazameni ubaoni. 口, kinywa. Nyie mnaona kisanduku, mnakizungusha mara moja basi. Ni mistari mitatu. Wa kwanza unashuka kushoto. Wa pili unakwenda kulia, unapinda kona, unashuka, kalamu haijanyanyuka. Wa tatu unafunga chini. Na 国, nchi: vya ndani vinaandikwa kabla ya kufunga chini. Unaingia nyumbani ndipo unafunga mlango. Nimepata kijana aliyefunga mlango kwanza, akapitisha vyombo dirishani. (Kicheko.) Chekeni, lakini mko wengi.

Najua kuna anayenung'unika: "Mwalimu, wino ukishakauka nani atajua nilianzia wapi?" Ngoja nikwambie.

Guangzhou, kule China, soko la vitambaa. Mzee mmoja wa Kariakoo alikuwa ameacha hela ya kushikia mzigo, kisha akaghairi. Mwenye duka hataki kurudisha, anatuonyesha risiti: dingjin. Sasa, dingjin ziko mbili na hutamkwa sawasawa. 定金 ni arubuni ya kisheria: ukighairi umeipoteza, na muuzaji akighairi anakurudishia mara mbili. 订金 ni malipo ya awali tu, unaweza kuyadai. Na risiti imeandikwa mbiombio, mistari yote imeungana, neno zima ni kama uzi uliodondoka sakafuni.

Utalitambuaje? Fuata njia ya kalamu. Zote mbili huanza na nukta juu. Kwenye 定, baada ya hapo inadondoka nukta nyingine kushoto, ndipo kalamu inakwenda kulia kuezeka paa. Kwenye 订 inakwenda kulia kidogo, inashuka, inapiga ndoana kuelekea juu. Nikaweka kidole kwenye karatasi: nukta, kulia, chini, ndoana. Nikarudia. Nukta, kulia, chini, ndoana. Paa hakuna! Mwenye duka akanitazama mimi, akakitazama kidole, akafungua droo.

Mwandiko wa haraka ni mistari ileile kwa mpangilio uleule, ila kalamu imekuwa mvivu kunyanyuka. Usipoujua mpangilio unaona uzi tu. Na ukiandika wewe haraka kwa mpangilio wako wa kubuni, hakuna Mchina atakayekusoma.

"Simu je?" Simu! Unaipa dingjin kwa herufi zetu hizi, inakuletea zote mbili uchague. Haya, chagua. Wachina wenyewe wana msemo, tibi wangzi: umeshika kalamu, hanzi imekutoka. Ndiyo kazi ya hizo simu zenu.

Halafu Olimpiki ya Beijing, 2008. Nchi ziliingia uwanjani kwa hesabu ya mistari ya hanzi ya kwanza ya jina. Guinea ilikuwa ya pili, nyuma ya Ugiriki, maana 几 ni mistari miwili. Zambia, 赞, mistari 16, ikabaki mwisho, nyuma yake wenyeji tu. Tanzania na Kenya zote nane. Nani atangulie? Unatazamwa mstari wa kwanza, na wa kulala humtangulia wa kusimama. 坦 yetu huanza na wa kulala, 肯 yao na wa kusimama. Ndugu wa Nairobi mliopo humu, poleni.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nilikuwa na mengi ya Japani. Shikeni moja: ndani ya 田, shamba, Wajapani huanza na mstari wa kusimama, China huanza na wa kulala. Kwa hiyo msichanganye video. Wa mkono wa kushoto, kalamu inakwenda upande uleule, mtazoea. Mkibishana, China ina kiwango rasmi cha mpangilio wa mistari ya hanzi 8,105, kinatumika tangu 2021. Humo ndimo mtafute, msinipigie usiku.

Haya, toeni karatasi. Nimesema karatasi, wewe binti, weka simu. Tunaanza na 永, mistari mitano. Nukta kwanza.