Mtoto Mchanga Kifuani, Kazi Mikononi

NEKESA: Karibu tena kipindini, msikilizaji, tunakujia kutoka Kisumu. Mimi ni Nekesa. Mwanangu amelala hapa kifuani ndani ya kitambaa, kwa hiyo ukisikia mtu anaguna, ni yeye. Niko na Sista Atieno, mkunga wa miaka mingi. Habari ya leo, Sista?

SISTA ATIENO: Njema, mwanangu. Kabla hujaendelea, hebu shusha hilo pindo la kitambaa, limempanda mpaka shavuni. Ndiyo, hapo. Sasa naiona pua.

NEKESA: Asante. Basi tuanzie hapo hapo. Kwa nini mtoto mchanga abebwe mbele, na sisi wote tumekulia mgongoni?

SISTA ATIENO: Mgongoni ni pazuri, kwa mtoto ambaye shingo imekaza. Mchanga kichwa kinamlemea, na njia yake ya hewa ni nyembamba na laini. Kidevu kikiinama kikagusa kifua, ile njia inajikunja. Anakosa hewa bila kulia, bila hata kurusha mguu. Akiwa mgongoni utajuaje? Kwa hiyo mpaka shingo ikaze, kwa wengi ni kwenye mwezi wa 3 au wa 4, uso wake ukae mahali unapouona bila kumwuliza mtu.

NEKESA: Mama mkwe atasema watoto wake wote walibebwa mgongoni na wakakua.

SISTA ATIENO: Na anasema kweli. Lakini mwulize kwa heshima wiki za kwanza ni nani alikuwa anachota maji, ni nani alikuwa anapika. Atakuambia wifi, shangazi, jirani. Yeye alikaa ndani na mtoto. Leo dada amejifungua, anakaa chumba kimoja Nyalenda, mume ametoka alfajiri, na nguo za mtoto zinangoja kufuliwa. Waliokuwa wakimpokea mtoto hawapo. Huyo mama tusimlaumu kwa kutafuta mikono miwili. Tumfundishe kufunga.

NEKESA: Leso itamfaa?

SISTA ATIENO: Leso ina kama mita 1.5. Inatosha mgongoni baadaye, na inatosha kumshikilia mtoto kifuani ukiwa umeketi. Kwa kutembea naye mbele unahitaji kitambaa cha karibu mita 5, upana sentimita 60 au 70, cha pamba.

NEKESA: Ukienda soko la Kibuye Jumapili, vuta kitambaa kwa mikono miwili, kisha ukiinue kwenye mwanga uangalie kama nyuzi zimelegea. Kile cha kuteleza kiache. Na kwa joto letu hili la ziwani, mimi nashauri pamba nyepesi iliyofumwa, siyo ile nzito ya kunyumbuka kama ya fulana.

SISTA ATIENO: Hilo la joto watu hulisahau. Kitambaa ni nguo. Ukishamfunga, ana joto lake, ana lako, ana la kitambaa, halafu mtu anamvika sweta na kofia ya sufu saa saba mchana! Nepi na fulana nyepesi vinatosha. Mguse shingoni kwa nyuma. Akiwa na jasho, mtoe, mkae kivulini. Ukimfungua akapoa, ilikuwa ni kitambaa. Akibaki wa moto, kipimo kikapita 37.5, usiseme ni joto la Kisumu. Mtoto mchanga mwenye homa anapelekwa hospitali siku hiyo hiyo.

NEKESA: Sasa tuelekeze namna ya kufunga.

SISTA ATIENO: Tafuta katikati ya kitambaa, uiweke juu ya tumbo, karibu na kifua. Ncha zizunguke mgongoni, zipishane, zipande mabegani, zishuke mbele. Zipitishe chini ya kile kipande cha mbele, zipishane tena, zirudi kiunoni, ufunge fundo. Aliyejifungua kwa upasuaji, kitambaa na fundo visikandamize mshono. Halafu mtoto: mweke begani kama unamcheulisha, mteremshe taratibu, mguu mmoja kila upande. Magoti yawe juu kuliko makalio, amekaa kama chura. Kipande cha mbele kivute kimfunike mgongo mpaka chini ya masikio.

NEKESA: Na kukaza?

SISTA ATIENO: Kaza mpaka ukiinama kidogo, umemshika kichwa, mtoto asiachane na kifua chako. Kitambaa kilicholegea ndicho kinachomfanya ajikunje. Kisha kagua: vidole viwili viingie chini ya kidevu, na ukiinamisha kichwa uweze kumbusu utosini. Ukimnyonyesha humo ndani, mwangalie muda wote, na akimaliza mpandishe tena.

NEKESA: Kazi gani hazifanyiki naye kifuani?

SISTA ATIENO: Jiko. Mafuta ya omena yakiruka, yanaanza na yeye. Chai ya moto pia, usinywe juu ya kichwa chake. Na boda! Nawaona pale Kondele, mama amemfunga mtoto, amepanda boda, ameshika na kikapu. Kitambaa hakimkingi mtoto kwenye ajali. Kufagia sawa, kufua sawa, mradi uchuchumae badala ya kuinama.

NEKESA: Sista, wale waliozaliwa kabla ya wakati?

SISTA ATIENO: Hao ndio kifua kinawafaa kuliko wote. Mwaka 1978, daktari Edgar Rey kule Bogotá, Kolombia, alikuwa na watoto wengi na mashine za joto chache. Akawaweka kifuani kwa mama zao, ngozi kwa ngozi. Ndiyo tunayoiita huduma ya kangaruu. Mwaka 2021 yakatoka matokeo ya utafiti wa Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania: watoto wadogo walioanzishiwa hiyo huduma mara tu baada ya kuzaliwa, vifo vilipungua kwa karibu robo. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likashauri mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati au chini ya kilo 2.5 akae hivyo saa 8 hadi 24 kwa siku. Mama mwenye mtoto kama huyo aonyeshwe na wauguzi, asijifunze peke yake nyumbani.

NEKESA: Saa 24! Hapo mama ataoga saa ngapi?

SISTA ATIENO: Ndipo baba anapoingia. Kifua cha baba kinapasha joto vizuri kabisa. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa wiki 2 za likizo yenye malipo. Azitumie kujifunza kufunga mwenyewe, si kufungwa na mkewe kila mara. Aanze na pakiti ya unga ya kilo 2, mbele ya kioo. Isipoteleza akitembea na kuchuchumaa, sasa amfunge mtoto, mtoto akiwa ameshiba na nepi ni kavu.

NEKESA: Kuna mama wa pacha ametuandikia kutoka Bungoma, anataka kuwabeba wote wawili. Tutaanza naye wiki ijayo.

SISTA ATIENO: Kwa sasa, mama, beba mmoja mmoja. Wiki ijayo nakuja na vitambaa viwili.