Sukari ya mtoto mahututi: tusikimbilie insulini

Wenzangu wa Mbeya, nanyi mliopanda asubuhi hii kutoka Kyela na Rungwe, karibuni. Mtoto wa miaka 3 ana nimonia kali, yuko kwenye oksijeni, glukomita, kipimo cha sukari ya damu kwa tone la kidole, inasoma 13 mmol/L, yaani iko juu. Hana kisukari. Utampa insulini?

Naona mikono mingi. Sishangai. Mwaka 2001 kule Ubelgiji, Greet Van den Berghe na wenzake waliona vifo vikipungua kwa watu wazima mahututi, wengi wao wa upasuaji, sukari ilipobanwa kati ya 4.4 na 6.1. Kila mtu akataka kuiga.

Kisha wakaja watoto. Uingereza, 2014, watoto 1,369: waliobanwa kwenye 4 hadi 7 hawakuondokana na mashine ya kupumulia mapema kuliko walioachwa chini ya 12. Marekani, 2017, utafiti ulisitishwa kabla ya wakati: faida haikuonekana, na sukari iliporomoka vibaya kwa asilimia 5.2 ya waliobanwa, dhidi ya 2.0 kwa wenzao. Na hao walikuwa na kihisi mwilini kinachosoma sukari muda wote! Sisi usiku tuna muuguzi mmoja, wodi imejaa, stripu za kupimia sukari ni za kuhesabu.

Mwili ukizidiwa, adrenalini na kortiso, homoni za msongo, huliamuru ini limwage sukari kwenye damu. Tibu nimonia, mara nyingi sukari itashuka yenyewe. Angalia na dripu, huenda dekstrosi, sukari ya dripu, inakimbia mno. Na mnawishe kidole! Mtoto aliyetoka kushika chungwa atakupa namba ya uongo. Ikikaa juu mfululizo, mwite daktari bingwa muamue pamoja.

Kinachoninyima usingizi mimi ni sukari ya chini. Mtoto asiyejitambua hawezi kukwambia anatetemeka. Wa malaria kali ndiye hasa: vimelea vinakula sukari, na kwinini, dawa ya malaria, inachochea kongosho kutoa insulini zaidi. Ikiwa chini ya 2.5, au 3 kwa mwenye utapiamlo mkali, mpe mshipani dekstrosi ya asilimia 10, mililita 5 kwa kila kilo, upime tena baada ya nusu saa. Una ya asilimia 50 tu? Sehemu moja kwa nne za maji ya sindano.

Ndiyo, dada wa pale nyuma. Mwenye sukari ya juu, anapumua kwa kina, mkojo una ketoni, yaani tindikali za mafuta yanayochomwa mwilini? Huyo ana kisukari, insulini haikwepeki. Anza na maji. Insulini ifuate baada ya saa moja, uniti 0.05 hadi 0.1 kwa kilo kwa saa, na sukari ipimwe kila saa. Potasiamu tutaizungumza baada ya chai.