Kabla Hujapanda Ngazi za Leba (mazungumzo ukumbini, Tononoka)

Asalaam aleikum, na wengine hamjambo. Walio nyuma sogeeni huku, feni ni hii moja tu. Leo ni habari ya kubaguliwa kazini, na ushahidi wa kuweka kabla hujaenda leba, yaani ofisi ya kazi ya serikali.

Mi si wakili jamani, nlikuwa mwakilishi wa chama cha wafanyakazi kwa hoteli moja huku Nyali. Na kilichoniuma ni hiki: mtu aja kwangu ashafutwa kazi, machozi yamtoka, namuuliza una ushahidi gani mkononi, aniambia "mbona kila mtu ajua". Haya, hao kila mtu siku ya kesi hutawaona, wana watoto.

Kulikuwa na binti keshia, alipopata mimba tu zamu zikaanza kupungua, mara apelekwa stoo, mara ati wageni hawapendi kuona tumbo. Lakini alikuwa na kidaftari yule. Tarehe, saa, nani kasema nini, nani alikuwepo, na rota, ile ratiba ya zamu, akazipiga picha, ya kabla na ya baada. Halafu akaandika barua kwa meneja kwa adabu zake zote, naonewa kwa sababu ya ujauzito, na kopi yake akagongesha muhuri. Hilo "kwa sababu ya" ndio roho ya barua. Ukiandika bosi anichukia basi umekwisha, chuki haina kifungu. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007, kifungu cha 5, yataja sababu za ubaguzi zilizokatazwa: rangi, jinsia, lugha, dini, asili yako, ulemavu, ujauzito, hali ya HIV, na mengine. Tafuta lako ni lipi.

Na kifungu hichohicho kina utamu wake, ukishaweka msingi ni mwajiri ndo athibitishe hakukubagua. Ila msingi uweke wewe, yaani uonyeshe ulitendewa tofauti: mwenzio wa cheo kilekile yeye alifanyiwaje? Na kulalamika si sababu halali ya kukufuta, labda iwe umezua tu.

Sasa leba. Ukifutwa una miezi 3 kupeleka malalamiko kwa ofisa, atawaita mkae mzungumze. Kortini ni miaka 3, na hapa watu huteleza sana, wafikiri maadam mwazungumza leba basi saa ya korti imesimama, wapi! Yaenda. Korti ya Ajira iko hapahapa Mombasa, na kama mshahara wako hauzidi shilingi 80,000 kwa mwezi kesi yaweza kusikizwa na hakimu. Ukishinda kwamba ulifutwa isivyo haki, fidia yake mwisho mishahara ya miezi 12, wala usidanganywe na maneno ya barazani kuhusu mamilioni.

Yule binti walimfuta hata hivyo. Wakamwekea hundi mezani na karatasi, tia sahihi hapa, imeandikwa nimelipwa sina dai lingine. Wengi hapo hutia kwa vile kodi yangoja, na korti nyingi huiheshimu hiyo sahihi. Yeye akaiacha hundi palepale, akasema karatasi naenda kuisomea nyumbani.