Mapafu hayazoei moshi

Shikamooni mama zangu, na nyie wengine habari za saa hizi. Asanteni kwa kuacha biashara mkaja, najua mama lishe kuzima jiko mchana sio jambo dogo. Mimi ni muuguzi, nimekaa wodi ya magonjwa ya kifua miaka mingi, na leo sikuja kuongelea moshi wa viwanda wala wa magari, huo upo na unaumiza, ila nimekuja na huu mnaoupuliza wenyewe kila alfajiri mkiwasha mkaa.

Kila nikimuuliza mgonjwa, mama unapikia nini, ananiambia kuni, na moshi haukusumbui? anacheka, aah mwanangu sisi tumeshazoea. Hilo neno tumeshazoea ndo limenileta hapa. Pua inazoea ni kweli, unafika mahali husikii tena harufu, macho nayo yanaacha kulia sana, lakini mapafu hayazoei kitu, yanapokea tu.

Kwenye moshi kuna vumbi laini sana, wataalamu wanaliita PM2.5, yani chembe ambazo upana wake hauzidi maikroni 2.5, unywele mmoja wa kichwani ni mnene kuliko hizo mara 30 hivi. Vumbi la barabarani pua inalikamata, unapiga chafya limetoka, ila hizi zinapita puani zinapita kooni zinashuka mpaka kwenye vile vifuko vya hewa kule mwisho kabisa wa mapafu, na zile ndogo zaidi zinavuka zinaingia kwenye damu. Ndo maana nikisema moshi unaleta stroki watu wananishangaa, moshi na kupooza wapi na wapi, sasa damu si inazunguka mwili mzima jamani, ile takataka inaumiza mishipa, mishipa inakuwa migumu, presha inapanda, siku moja mshipa unaziba. Shirika la Afya Duniani linasema mwaka 2020 peke yake moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2, na zaidi ya nusu yao walikufa kwa moyo na kiharusi. Watoto chini ya miaka mitano walikuwa zaidi ya 237,000, hao wengi ni nimonia, na mnajua mtoto anakaa wapi mama anapopika, mgongoni, kichwa chake usawa ule ule wa moshi. Hapa Tanzania serikali yenyewe inataja watu kama 33,000 kila mwaka.

Sasa kuna kitu lazima nikiseme, na kinaniuma kila nikikisema. Mimi kwetu ni Usukumani. Kule miti imeisha sehemu nyingi, bibi zetu wamepikia mabua, mashina ya pamba, mavi ya ng'ombe yaliyokaushwa, ndani ya kibanda kisicho na dirisha, miaka hamsini sitini. Macho yao yakawa mekundu. Na nyie mnajua macho mekundu kwa bibi kizee kule yalikuwa yanaitwa nini. Vikongwe wamekatwa mapanga usiku kwenye nyumba zao wenyewe, wanaitwa wachawi, kwa sababu ya macho yaliyobabuliwa na moshi wakiwapikia wajukuu chakula, tena pengine ni wajukuu hao hao waliosimama pembeni kimya. Nilivyosomea uuguzi nikaelewa yale macho yalikuwa na nini, nililia. Ule ulikuwa ugonjwa tu, ungetibika, na dirisha moja la jikoni lingepunguza.

Turudi kwenye mkaa, maana hapa mjini mtaniambia sisi hatutumii kuni. Mkaa moshi wake ni kidogo hasa ukishakolea ukawa mwekundu wote, na hapo ndo watu wanapopotea, wanadhani usipoona moshi basi hewa ni safi. Mkaa unaowaka unatoa kaboni monoksaidi, haina rangi haina harufu, inashika damu kwa nguvu mara zaidi ya 200 kuliko oksijeni, kwahiyo oksijeni inakosa nafasi. Watu wa Njombe, Makete, Lushoto, ule msimu wa baridi mwezi wa sita wa saba wanaingiza jiko chumbani wanafunga mlango walale na joto, asubuhi majirani wanagonga hakuna anayeitika. Familia nzima. Ukianza kuumwa kichwa na kizunguzungu chumba kina jiko, usijilaze upumzike, toka nje kwanza, na mtoe na mtoto.

Na tafadhali acheni kuwashia mkaa kwa plastiki na vipande vya tairi, ule moshi mweusi una sumu mbaya kuliko ya mkaa wenyewe. Jiko likae nje mpaka likolee ndo liingie, tena liingie jikoni penye dirisha wazi sio chumbani, maana ile kaboni monoksaidi bado inatoka, kuni ziwe kavu kabisa, mtoto apewe mtu mwingine wakati unapuliza.

Kuhusu gesi. Mwezi wa tano 2024 ulizinduliwa mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, lengo ni ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi, na mimi naliunga mkono kabisa, ila kugawa mitungi bure peke yake hakutoshi. Mkaa unanunua kopo moja kwa hela ya leo, gesi inataka elfu ishirini na kitu kwa mpigo, na mama anayeuza chapati hela hiyo haikai mkononi siku mbili. Ile mitungi yenye mita, unalipia kwa simu kidogo kidogo kadiri unavyotumia, hiyo ndo ningependa ifike kila mtaa.

Mama pale nyuma aliuliza maharage, kwamba yanamaliza gesi. Ni kweli yanamaliza. Loweka usiku kucha, umwage yale maji, na kama umeme upo lile jiko la presha la umeme linaivisha kilo ya maharage hata uniti moja haifiki, na uniti ni shilingi 350 na kitu. Jiko lenyewe bei yake imechangamka, hilo sikatai, lakini kwenye vikundi vyenu vya vikoba mnanunuliana vyombo kila mwezi, anzeni na la mmoja, mpike nalo wiki mbili mbele ya wenzenu waone.