Kuchagua propela ya pickup ya zamani: mhadhara kwa mafundi wa Dodoma

Ndugu mafundi na wenye magari, habari za asubuhi. Propela ni lile bomba la chuma linalopeleka mzunguko kutoka giaboksi hadi difu, yaani gia za kwenye ekseli. Tuichukue Land Rover 109 Series III, ya 1971 hadi 1985. Mwenye gari anafika dukani, "Naomba propela ya nyuma ya 109," anauziwa, anaondoka. Lakini 109 ni inchi kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma, kama sentimita 277. Gari likishawekewa injini na giaboksi ya Toyota, namba hiyo haikwambii flenji ya giaboksi, yaani sahani ambayo propela inafungwa kwa bolti, imeishia wapi.

Kwa hiyo pima gari lenyewe, likiwa limesimama kwa matairi yake. Ukilipiga jeki kwenye chasisi, ekseli inaning'inia na kipimo kinadanganya. Chukua umbali kati ya nyuso za flenji mbili, ya giaboksi na ya difu, kwanza gari likiwa tupu, kisha likiwa na mzigo wake wa kawaida, tuseme magunia manane ya mahindi ya kilo 100 yanayokwenda Kibaigwa. Shika kipimo kifupi. Propela mpya, ikisukumwa mpaka meno ya slaidi (sehemu inayoifanya irefuke na kufupika) yagote, iwe fupi kuliko hapo kwa milimita 25 hivi. Ikikosa nafasi hiyo, gari likitumbukia shimoni na mzigo propela inapiga beringi ya nyuma ya giaboksi na ya pinioni, gia ndogo inayoingiza mzunguko kwenye difu. Difu linaanza kulia, linabadilishwa, na baada ya muda linalia tena. Halafu sasa ndiyo upige jeki kwenye chasisi, ekseli ining'inie, uone kama meno bado yameshikana vya kutosha.

Flenji za Land Rover zina matundu manne ya bolti za inchi 3/8, spana ya 9/16. Tafadhali msitoboe tundu ili bolti ya milimita 10 ipite! Tafuteni bolti sahihi, na nati za kujikaza ziwe mpya.

Kwa propela iliyotumika, chungulia krosi, kiungo cha umbo la msalaba kinachoifanya propela ipinde kwenye ncha zake, hasa kwenye sili. Vumbi letu la Dodoma ni jekundu, na unga wa kutu nao ni mwekundu, kwa hiyo futa kwanza, zungusha krosi kwa mkono, ufute tena. Ukitoka unga mpya mkavu, sindano za beringi zimeshaliwa. Bomba lenye kibonyeo liache hapo hapo, hata bei ikiwa nzuri.

Kukata na kuchomelea kunafaa, mradi kazi ifanywe na fundi wa tona (mashine ya kuchonga chuma), bomba lisipinde zaidi ya nusu milimita, na lipite kwenye mashine ya balansi. Ila pickup ndefu yenye propela ya vipande viwili msiigeuze kuwa kipande kimoja ili kukwepa bei ya senta beringi, ile inayoishikilia katikati. Bomba likirefuka mara mbili, kasi ya mzunguko ambayo linaanza kuchezea inashuka hadi robo ya ile ya kwanza.

Kabla ya kuchomoa slaidi, piga alama pande zote mbili. Yoki, yaani uma zinazoshika krosi, za ncha mbili lazima zilale mstari mmoja. Ukikosea jino moja tu, gari linatetemeka na lawama inaangukia balansi.

Ukishafunga, sukuma grisi hadi itokeze kwenye vikombe vyote vinne vya krosi. Kimoja kikibaki kikavu, fungua krosi hiyo kabla gari halijatoka gereji.