Kurekebisha wayaringi iliyoliwa na tairi kwenye Altezza ya drifti

Mambo vipi wadau. Gari mnaloliona ni Toyota Altezza RS200, injini 3S-GE, giaboksi ya gia sita, na kazi yake siku hizi ni drifti tu, kuserereka kwenye kona makusudi. Limerudi kutoka uwanjani na malalamiko mawili: linazima lenyewe likilala upande mmoja, na taa ya mbele kushoto imekufa. Dogo, ingiza kamera ndani ya fenda. Zaidi. Hapo hapo. Mnaona zile waya zilivyochunika? Mchawi ni tairi.

Gari la drifti linafungwa vifaa vya kuongeza kona, kwa hiyo tairi la mbele linageuka kupita lilivyopangiwa kiwandani. Halafu watu wanang'oa ile plastiki ya ndani ya fenda ili isikwaruze. Sasa tairi likikosa plastiki, linakula kilichopo nyuma yake.

Betri: spana namba kumi, toa hasi kwanza. Bampa, taa, tairi, mnajua kutoa, tusonge.

Chana tepu ya zamani kwa wembe ukifuata urefu wa fungu la waya, yaani wayaringi yenyewe. Usizungushe wembe, utakata na zilizo nzima. Fungua mpaka upite jeraha kama shibiri moja kila upande, kisha kunja kila waya kwa vidole, sentimita kwa sentimita. Huu wa kijani kwa macho mzima kabisa. Ukunje... unalegea kama kamba ya kiatu. Nyuzi zimeshakatika ndani, limebaki ganda. Waya wa namna hii ndio unaozimisha gari kwenye kona na kulirudisha likinyooka, halafu fundi anakubadilishia pampu ya mafuta.

Kata mpaka ukutane na shaba inayong'aa. Sisi wa Dar na Tanga na Mombasa hewa yetu ina chumvi, inatambaa ndani ya ganda. Shaba ikiwa nyeusi au imeota kijani, rudi nyuma kidogo, menya tena, tazama tena.

Kabla hujakata hata mmoja, piga picha na bandika karatasi kila waya. Na msome mchoro vizuri: kwenye michoro ya Toyota herufi B ni nyeusi, L ndiyo bluu, BR ni kahawia. W-B, mweupe wenye mstari mweusi, kwa kawaida ni eathi, yaani njia ya hasi inayofungwa kwenye bodi. Nimeona mtu anaunganisha B kwenye bluu akijiamini kabisa.

Swali mnaloniuliza sana: nitengeneze au nibadilishe yote? Jeraha likiwa sehemu moja kama hili, tengeneza. Kama waya ziliungua kwa shoti mpaka maganda yameyeyukiana, au kuna viungio juu ya viungio vya mafundi watatu tofauti, acha ubishi, tafuta fungu zima la gari lilelile. Nenda Gerezani, kule Dar kwenye spea, na soketi yako mkononi, linganisha pini kwa pini. Na wakikukatia soketi waambie wakuachie mkia wa waya wa kutosha, wenyewe hupenda kukata shingoni.

Waya wa kuungia uwe wa gari, wenye nyuzi nyingi nyembamba. Waya wa nyumba wenye uzi mmoja mnene, hapana. Gari hili linatetemeka na kupiga kingo za uwanja, uzi mmoja utakatika tu. Unene usipungue ule wa mwanzo, na kwa feni za rejeta mimi naweka milimita 3 za mraba pamoja na rilei, ile swichi inayowashwa kwa umeme, na fyuzi yake. Fyuzi inapimwa kwa uwezo wa waya, maana kinacholindwa pale ni waya.

Sasa kuunga. Vaa waya mpira wa kusinyaa KWANZA, ule unaobana ukipashwa moto, usukume mbali. Umevaa? Haya. Viungio hivi vya shaba nabana kwa koleo lenye meno yake, si plaizi. Vile vyenye ganda, chekundu ni cha milimita 0.5 mpaka 1.5, bluu 1.5 mpaka 2.5, njano 4 mpaka 6. Ukishabana, vuta. Vuta kweli, usionee huruma. Kikichomoka mkononi mwako shukuru, kuliko kichomoke uwanjani. Na viungio visikae vyote mahali pamoja, achanisha kimoja na kingine sentimita tatu, nne, la sivyo fungu linavimba tumbo.

Wazee wa lehemu najua mtanivamia. Lehemu ni nzuri, lakini risasi yake ikiyeyuka inapanda ndani ya waya na kuufanya mgumu, na pale ugumu unapoishia ndipo mtetemo unapokatia. Kwenye redio lehemu, kwenye gari la drifti bana. Mipira hii ya kusinyaa yenye gundi ndani, viungio na koleo nauza kwa seti.

Dogo, kamera karibu sana hapa. Wadau, simamisheni video kama mnakula. Soketi hii tunahamisha pini. Mchoro unakuonyesha soketi ikitazamwa mbele, pale inapochomekwa. Wewe unaingizia pini nyuma. Kwa hiyo kushoto kwa mchoro ni kulia kwako! Hakikisha mchoro wako unatazama upande gani kabla ya pini ya kwanza. Nasema tena: mbele au nyuma? Weka alama ya kalamu kwenye pembe ya soketi. Pini ya pili, tazama alama. Pini ya tatu, tazama tena alama. Ukigeuza hapa unaweza kupeleka volti 12 kwenye waya wa sensa na kuua kontrolo boksi, ile kompyuta ya injini, na usiniulize bei yake. Pini ikiingia itasema «tik», halafu vuta. Bado natazama alama, mnaona.

Waya wa sensa ya krenki, ile inayosoma mzunguko wa injini, umevikwa wavu wa shaba. Wavu huo unazuia kelele za umeme wa koili, na unafungwa eathi upande mmoja tu, ule wa kontrolo boksi. Ukiunga, unga na wavu wake, usichanganye chanya na hasi ya sensa, la sivyo gari litawaka vizuri halafu likwame mizunguko ikipanda.

Sasa kupima. Wengi wanaweka mita kwenye mlio, ikilia wanafunga. Waya uliobakiwa na uzi mmoja nao unalia! Upe mzigo. Nawasha taa ya wati 55, inavuta karibu ampea 4.5, napima... Ngoja. Dogo usizime. Betri 12.4, kwenye taa 10.9. Volti moja na nusu imeenda wapi? Viungio vyangu tumevivuta wote mkiona. Napima upande wa moto, betri mpaka taa: 0.15, safi. Upande wa eathi: 1.35. Ndiyo huyu. Eathi imefungwa juu ya rangi. Mtu alipaka fenda akapaka na sehemu ya boliti. Msasa, mpaka bati ling'ae, boliti, grisi kidogo juu. Pima tena: 0.05. Upande wa moto nataka usizidi 0.2, eathi 0.1.

Funga kwa tepu ya kitambaa, ile ya plastiki ikipata joto la injini inatoa gundi na kuteleza. Kisha bomba la mikunjo. Njia yake nimeihamisha juu, ndani ya ghuba ya injini, na kushikilia kwa vibano vyenye mpira. Acha ulegevu kidogo kuelekea injini, maana injini inacheza kwenye maunti zake, ile mipira inayoishikilia.

Mwisho tunaliteremsha chini, tairi limefungwa, dogo akandamize gari kwa mbele... ndiyo, ruka ruka. Mimi nageuza usukani mpaka ukomo kushoto, mpaka ukomo kulia. Kati ya tairi na fungu vidole vinne vinapita. Washa. Sasa nalitikisa fungu lote kwa mkono injini ikiwa inanguruma, haizimi. Feni, sawa. Taa, sawa. Dogo, rudisha bampa, mwenye gari yuko njiani.